Mahari ya Mkopo

Mwezi huu tupumzike na kesi za meseji za usiku wa manane. Nataka tuzungumzie duka. Ndiyo, duka la vitambaa! Subiri, utaona linavyotuhusu.

Mwaka 1943 familia mbili za wahamiaji kutoka Ujerumani zilifungua duka la vitambaa mjini Cleveland, Marekani. Baadaye likaitwa Jo-Ann, jina lililotokana na majina ya mabinti wa familia hizo. Watu walifuata vitambaa vya kukatiwa kwa yadi, uzi, vifungo na sufi za kufumia. Duka likazaa maduka, mpaka yakafika 800 hivi katika majimbo 49.

Mwaka 2011 akaja mchumba mwenye pesa, kampuni ya uwekezaji ya Leonard Green & Partners, akalinunua kwa takriban dola bilioni 1.6. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Ununuzi wa aina hiyo hutegemea sana mikopo, na deni hubebeshwa kampuni iliyonunuliwa. Yaani mtu akuoe kwa mahari ya kukopa, halafu marejesho ulipe wewe!

Kwa muda haikuonekana. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani, wakashona barakoa na mauzo yakapanda. Walipotoka, mauzo yakashuka, lakini deni lilibaki palepale. Ushindani wa madukani na mtandaoni nao ukazidi kubana. Machi 2024 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Januari 2025 ikarudi tena, ikidaiwa zaidi ya dola milioni 600. Kufikia mwisho wa Mei 2025 maduka yote yalikuwa yamefungwa. Wafanyakazi walikuwa 19,000 hivi. Jina likanunuliwa na mshindani wao, Michaels.

Utasema labda watu wameacha kushona. Wapi! Hobby Lobby, ambayo ingali mikononi mwa familia iliyoianzisha, inauza bidhaa za mikono na ina maduka zaidi ya 1,000.

Sasa tuje kwako na mwenzio. Wangapi wameingia ukumbini kwa mbwembwe, kumbe keki, suti na hata gari la maharusi ni mkopo wa kazini? Mishahara yote miwili ikiingia, hakuna anayeuliza. Siku mmoja akipunguzwa kazi, ndipo mnaanza kulaumiana, mnadhani penzi limeisha. Penzi lipo, ila limelemewa.

Jumamosi hii zimeni televisheni, mkae mezani. Kila mmoja aseme anadaiwa nini, na nani, na deni liko kwa jina la nani. Na wewe uliye kwenye uchumba, uliza kabla hujaweka saini ya udhamini. Akikasirika kwa kuulizwa tu, jibu umeshalipata.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.