Kicheko Hakimvunjii Marehemu Heshima

Nenda msibani hapa mkoani Singida, iwe Ikungi, Kiomboi au Manyoni, utausikia wasifu wa marehemu ule ule. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kama alikuwa mwalimu, zitatajwa shule alizofundisha. Kama alikwenda Vita ya Kagera, itaongezwa sentensi moja. Mwombolezaji akithubutu kusimulia jinsi mzee yule alivyokuwa akiwavunja watu mbavu, shangazi mmoja atamkata jicho na mwongoza shughuli atamwomba auheshimu msiba. Tumeaminishana kwamba kumheshimu marehemu ni kukunja uso. Naikataa imani hiyo, hasa tunapomzika mwalimu.

Mtazameni Kapteni John Komba. Mzaliwa huyu wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, alifundisha shule kabla ya kuwa askari wa JWTZ, kisha akaiongoza Tanzania One Theatre, kundi lililokuwa na kwaya, taarabu, ngoma na maigizo. Alikuwa mtu wa jukwaa, mtu wa kuchangamsha umati. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, taifa lililia kwa nyimbo za nani? Za Komba huyo huyo, na hadi leo kila Oktoba redio huzirudia. Aliyetuchezesha ndiye aliyejua pia kutuombolezea. Yeye mwenyewe alifariki Februari 28, 2015, na anayemkumbuka kwa cheo na ubunge tu, bila ile bashasha yake, anamkumbuka mtu mwingine kabisa.

Nyerere naye, mwalimu wa Tabora na Pugu, tunamkumbuka vipi? Kila mwaka tunawekewa hotuba zake, ikiwamo ile ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, na watu wanacheka kwenye daladala, dukani na kwenye vijiwe vya kahawa. Sijasikia mtu akisema Baba wa Taifa amevunjiwa heshima. Sasa kwa nini mwalimu wa shule ya msingi wa Mkalama anyimwe anachopewa Rais?

Naumia zaidi nikikifikiria kizazi kinachotutoka sasa. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Likapanuliwa likavuka laki moja, kwa kuwachukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kijana wa miaka 22 wakati ule, leo akiwa hai, amekaribia miaka 70 au ameivuka. Kati yao wamo walioshika chaki. Walifundisha katika miaka ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto wamejaa darasani, vitabu vya kugombania, dawati moja linabeba wanne. Mwalimu wa namna hiyo hakuchekesha kwa sababu alikosa la kufanya. Tebo ya saba iliyoimbwa kwa mwendo wa kwata haisahauliki, na mtoto aliyecheka leo asubuhi, kesho yake alirudi shule kwa hiari yake. Huo ulikuwa ufundi wake wa kazi. Kuuacha nje ya wasifu ni kuacha nusu ya utumishi wake.

Wanaosema mila haziruhusu wamesahau mila zenyewe. Utani wa makabila uko katikati ya misiba yetu tangu zamani. Mtani huja kumwigiza marehemu, hudai fidia ndipo maziko yaendelee, na wapo wanaoingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote. Katika miaka ya 1940 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege wa kituo cha utafiti cha Amani, aliona jambo hili lina uzito wa kutosha hata akaandika juu yake. Na Singida ni mkoa wa njia panda: Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wasukuma na wengine tumeishi pamoja tukitaniana. Tumemwondoa mtani tukamweka mtu wa kipaza sauti.

Najua mjane anaweza kuumia. Ndiyo maana utani una wenyewe na una mipaka; si kila mropokaji ni mtani. Lakini nimewaona wajane wakicheka na kulia kwa pumzi moja, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile mtu alikuwa amewataja waume zao kama walivyowajua.

Basi familia inayoandika wasifu iwaite kwanza wanafunzi wa marehemu, hata watatu, iwaulize alikuwa akiwachekesha kwa lipi, na hayo yaandikwe na kusomwa mbele ya jeneza. Dakika tano zinatosha. Zipunguzwe kwenye salamu za viongozi.