Tisini ya Nani?

MIZANI, na Salma Kibwana

Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ya Marekani iliwatengenezea wachapishaji Bethesda gemu ya Fallout: New Vegas. Malipo yalikuwa ya mkupuo, bila mgawo wa mauzo, na bonasi ingekuja tu iwapo gemu ingefikisha 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki na kuzifanya namba moja. Ikapata 84. Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian wakati huo, alilisema hilo hadharani mwaka 2012, na tangu hapo kisa hicho hakikosekani watu wanapowalaumu wahakiki wa gemu. Nadhani lawama imemwangukia asiyehusika. Hakuna mhakiki aliyekaa akaamua kwamba vijana wa Obsidian hawastahili bonasi. Kila mmoja aliandika lake akaondoka, na 84 ikazaliwa baadaye, kwenye kikokotoo.

Mhakiki namtetea. Alama anayoitoa mtu mmoja, jina lake likiwa pale juu, ni muhtasari wa maoni yake, na msomaji akimzoea hujua kuisoma: huyu anapenda hadithi ndefu, yule hana subira na gemu ngumu, 7 ya huyu ni 9 ya mwingine. Jarida la Famitsu la Japani limejenga utaratibu wake juu ya mazoea hayohayo. Wahakiki wanne hupima gemu moja, kila mmoja hutoa alama kati ya 10, na zote nne huchapishwa bega kwa bega pamoja na jumla yake kati ya 40. Gemu ya kwanza kupata 40 kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Sasa tuseme gemu moja imepata 8, 8, 8 na 8, nyingine 10, 9, 9 na 4. Jumla ni 32 kotekote. Lakini ile ya kwanza haimkeri mtu wala haimwamshi aliyelala, na ya pili imewapagawisha watatu na kumchosha wa nne. Kama tabia zako ni za yule wa nne, umeshajua la kufanya na pesa yako. Msomaji wa Famitsu anaiona 4 ile kwa macho yake. Anayesoma wastani tu anaambiwa 80 mara mbili, basi.

Na wastani wenyewe haupikwi jinsi wengi wanavyodhani. Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, haijumlishi na kugawanya tu kama mwalimu wa darasa. Vyombo vingine hupewa uzito kuliko vingine, na uzito huo haujatangazwa, kwa hiyo pointi moja ya Obsidian huenda ilijificha ndani ya hesabu ambayo wao wenyewe wasingeweza kuikagua. Asiyetumia namba hutafsiriwa apende asipende: nyota 3 kati ya 5 huwa 60, B huwa 75, B ya kutoa huwa 67, na F huwa sifuri. Rangi nazo zina mambo yake. Filamu huvaa kijani ikifika 61. Gemu husubiri hadi 75. Filamu ya 65 imesifiwa, gemu ya 65 imebaki njano, mguu ndani mguu nje. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne Tanzania, 65 ni B, na nyumbani huenda kuku akachinjwa. Metacritic haikuubuni ubaguzi huo, imeufuata tu, maana alama za gemu zimebanana kwa miaka mingi kati ya 7 na 9, na nusu ya chini ya mizani imekuwa kama ghorofa lisilo na wapangaji. Ndiyo maana 6 kati ya 10 ambayo Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men mwaka 2007, alama iliyo juu ya nusu kwa hesabu yoyote, ilipokewa kama tusi. Mchapishaji wa gemu hiyo alikuwa akitangaza kwenye tovuti hiyohiyo. Gerstmann alipoteza kazi, na mwaka 2012 akaeleza mwenyewe kwamba alama za chini na hasira za watangazaji ndizo zilizomponza.

Utetezi mzito wa wastani ni wa kitakwimu, nao si wa kupuuzwa. Mtu mmoja hukosea, ana chuki zake, ana siku zake mbaya. Wakusanye wengi, makosa yao yatafutana na utabaki na ukweli au jirani yake. Hoja hii inasimama pale tu kila mtu anapokosea kivyake. Wakikosea wote upande mmoja, kuongeza watu ni kulipazia sauti kosa lilelile. Desemba 2020 CD Projekt Red ya Poland iliwapa wahakiki Cyberpunk 2077 ya kompyuta peke yake, tena kwa sharti kwamba wasionyeshe video walizorekodi wao. Alama zikatoka siku tatu kabla ya gemu kuuzwa, wastani ukasimama karibu na 90. Sina sababu ya kumwita yeyote kati yao mwongo, walisema walichokiona. Lakini umati wa wanunuzi ulikuwa na PlayStation 4 na Xbox One, mashine za mwaka 2013, na humo gemu ilikwama, ikazimika yenyewe, picha zikachelewa kujikamilisha mpaka mtu anasimama mbele yako hana uso wa kueleweka. Toleo la PlayStation 4 lilipohakikiwa liliishia 57. La kompyuta limetulia kwenye 86. Hiyo ni gemu moja, yenye jina moja. Sony, mwenye PlayStation, iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni wiki moja baada ya kutoka, ikairudisha Juni 2021. Na jambo linalonikera kuliko yote ni kwamba onyo lilikuwepo: wahakiki kadhaa waliandika wazi kuwa wameicheza kwenye kompyuta tu. Sentensi hiyo haina namba, kwa hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia kwenye wastani.

Kuna wanaosema basi kazi wapewe wachezaji wenyewe. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020, na ndani ya saa chache maelfu walikuwa wameshaipa sifuri, gemu ambayo kuimaliza huchukua zaidi ya saa 20. Metacritic ikaweka sharti la kusubiri saa 36 kabla ya mchezaji kutoa alama. Saa 36 zinazuia haraka, hazizuii hasira.

Mnunuzi atanijibu kwamba gemu mpya inafika dola 70 na yeye hana muda wa kusoma kurasa tatu. Ana haki. Hata tovuti ya Eurogamer ya Uingereza iliacha alama mwaka 2015, na mwaka 2023 ikarudi, safari hii na nyota. Namba ibaki, lakini ibaki na mwenyewe, na pembeni yake iandikwe imetolewa kwenye mashine gani, baada ya saa ngapi za kucheza na kwa intaneti ya namna gani. Tovuti ya IGN iliipa FIFA 21 ya Nintendo Switch 2 kati ya 10 na kuchapisha upya uhakiki wake wa FIFA 20, kwa sababu gemu nayo ilikuwa ileile iliyobadilishwa jezi na vikosi. Alama kali, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake. Na intaneti si jambo dogo: kwa mwenye kibanda cha gemu Mbagala au Kayole, ambako watu wawili hukaa benchi moja, kila mmoja na pedi yake, wanalipia mechi, mhakiki anayetumia nusu ya uhakiki kulalamikia soko la kadi za wachezaji mtandaoni amehakiki gemu nyingine kabisa.

Umbali huo kati ya mhakiki na mchezaji ulionekana zaidi Mei 2024. Helldivers 2 ilikuwa imetoka Februari na kusifiwa sana, ndipo Sony ikatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network, huduma ambayo Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya nchi zake. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikaacha kuiuza katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wakamimina maoni hasi zaidi ya 200,000 kwa siku chache, na safari hii hasira ilikuwa na habari ndani yake. Sony ikalifuta sharti, ingawa katika nchi nyingi kati ya hizo gemu haikurudi dukani upesi. Muda wote huo wastani wa wahakiki ulikuwa palepale, juu ya 80, kwa rangi ya kijani.