Wana Elwak, Tuidai Njia ya Miguu Kabla ya Lami



Barabara ya Isiolo hadi Mandera, takriban kilomita 740, inajengwa kwa vipande, na mji wetu wa Elwak uko njiani. Lami hii tumeililia miaka mingi. Itamfikisha mgonjwa Wajir kabla hajazidiwa, na mbuzi watashuka sokoni wakiwa bado na nyama. Lakini leo lori likipita katikati ya mji linajikokota kwa sababu ya mashimo, si kwa kuwahurumia watoto. Mashimo yakizibwa, ni nini kitakachompunguzia dereva mwendo?

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hapa kwetu, wengi wetu ndio hao.

Simama kando ya barabara kuu duksi, madrasa zetu za Kurani, zinapotoka. Mtoto ana loho, ubao wake wa kuandikia aya, kwapani, anatafuta pa kukanyaga. Ukingoni kuna vibanda, tuktuk zinasubiri abiria, lori linashusha unga, na mkokoteni wa punda umebeba madumu ya maji. Imebaki katikati ya njia tu. Vumbi la gari lililotangulia halijatulia, na bodaboda inayokuja nyuma yake haimwoni mtoto. Mama mjamzito anayekwenda hospitali naye anaruka kutoka kivuli cha kibanda hiki hadi kile, maana mti haupo.

Sheria ya trafiki inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa mijini. Bila matuta, sheria hiyo haitamlinda mtoto yule. Kwa hiyo tuwaambie Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, sasa hivi, wakandarasi wangali kazini: tunataka matuta na vivuko mbele ya shule, soko na hospitali, njia ya miguu iliyoinuliwa pande zote mbili, na mitaro iliyofunikwa. Mvua za mwisho wa 2023 zilituonyesha maji yanavyoifanya njia kuwa mto. Barabara za mitaani, taa na maegesho ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema wazi. Tusikubali kusukumwa kutoka ofisi hii hadi ile.

Na sisi pia tuna deni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka, na aliwataka wanaokaa barabarani waipe njia haki yake. Mwenye kibanda arudi nyuma hatua chache. Vijana wa tuktuk wakubaliane kituo kimoja na mwendo wa pole mjini. Mwenye duka apande mwarobaini mbele ya mlango wake na aumwagilie maji yaliyooshewa vyombo. Unastahimili jua letu, na baada ya miaka michache tu unatoa kivuli.

Maimamu, tunaomba mlitangaze hili Ijumaa. Wazee, iteni baraza na chifu, na akina mama wa soko wakae mbele, maana wao ndio wanaotembea zaidi. Tuandike barua moja kwa KeNHA na nakala kwa kaunti, tutie sahihi sote, na tuipeleke wenyewe kabla mkandarasi hajafika sokoni.