Konde si Shamba: Miche Tunayogawiwa Ipandwe Wapi?

Mnamo tarehe 13 Novemba 2023 taifa letu lilipewa siku nzima ya mapumziko ili kila raia ashike jembe na kupanda miti. Siku nyingine kama hiyo ilitangazwa tarehe 10 Mei 2024, nchi ikiwa ingali inaomboleza waliokufa kwa mafuriko. Lengo lililotangazwa na Serikali tangu Desemba 2022 ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Huku kwetu Kilifi na Malindi, hamu hii ya miti ina sura yake ya pekee: ni miche ya mikorosho, minazi na miembe ambayo wakulima hugawiwa mvua za mwaka zinapokaribia. Ni jambo jema, nami silibezi. Hata hivyo, kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika hotuba za kugawa miche: huyu anayepewa mche, je, ana ruhusa ya kuupanda?

Swali hili lilinijia Aprili, nilipompelekea mzee mmoja wa upande wa bara ya Gede miche 20 ya mikorosho niliyoinunua mwenyewe. Mzee huyo ni rafiki wa marehemu baba yangu, na mkono wake katika ukulima hausemeki. Aliipokea miche, akaikagua mmoja mmoja, akanishukuru, kisha akaipanga chini ya mwembe. Nilipomwuliza mashimo yako wapi, alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyekosa somo.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa mimi nina konde. Sina shamba."

Mimi ni mtu wa isimu. Kazi yangu ni kuyapekua maneno, na haya mawili nimeyafundisha mara nyingi kana kwamba ni visawe. Kumbe mzee alikuwa ananifunza tofauti ambayo wakazi wa mwambao waliijua kabla ya sisi kuandika kamusi. Konde ni pahali pa mahindi, kunde na mihogo, mimea ambayo mtu huipanda, akaivuna na kuondoka. Shamba, kwa maana yake ya kale katika pwani hii, ni pahali penye miti ya kudumu: minazi, miembe, mikanju. Kiswahili sanifu kimeziunganisha maana hizo mbili, na neno konde limesukumwa pembeni. Lugha ya shuleni ikasahau jambo ambalo sheria na desturi za ardhi hazikulisahau.

Tulifunga safari siku hiyohiyo hadi kwa mkwewe, maili tatu hivi, ambaye ana hati ya ardhi yake. Huko ndiko nilikopata somo la kuchimba shimo, nami nalieleza kwa kuwa walimu wa Kilimo wanaweza kulitumia. Shimo la mkorosho huchimbwa mapema, mwezi mmoja hivi kabla ya mvua, upana na kina chake kikikaribia sentimita 60. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo wenye rutuba, huwekwa upande mmoja, na ule wa chini upande wa pili. Ole wake anayeichanganya! Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza vyema, ukarudishwa shimoni kwanza, na juu yake pakaachwa kichuguu ili maji ya mvua yasituame. Mkorosho hupenda mchanga mwekundu wenye kina, kama ule wa Magarini, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka mbali sana. Mahali penye tabaka la matumbawe karibu na uso wa ardhi, au penye mfinyanzi unaoshika maji, ni kujisumbua bure.

Mashimo ya huko yalikuwa yamechimbwa mwezi uliotangulia. Mfuko wa mche hukatwa kwa wembe bila kulivunja bonge la udongo lililoishika mizizi. Ikiwa mche umebebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzazi uliochaguliwa kimeunganishwa na shina changa, ile sehemu ya kiungo hubaki juu ya ardhi. Kisha mche hukingwa jua kwa kuti la mnazi. Nafasi kati ya mti na mti ni mita 12 kwa mita 12, hivyo ekari moja huchukua mikorosho 28 tu. Katika miaka ya mwanzo mihogo na kunde hustawi vizuri katikati, na konde na shamba hukaa pamoja bila ugomvi.

Tulipanda 16. Minne ilirudi na mzee, nami sikuelewa ya nini.

Turudi kwa swali letu. Kwa nini mtu aliyezaliwa pahali, ambaye babu yake amezikwa hapohapo, awe na ruhusa ya kupanda muhogo na asiwe na ruhusa ya kupanda mkorosho? Jawabu liko katika historia. Utumwa ulipigwa marufuku katika ukanda wetu wa pwani mwaka 1907. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye madai katika mwambao wayawasilishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza. Waliojua njia ya ofisini walipata hati. Waliokuwa watumwa jana, pamoja na Wamijikenda wengi, walijikuta wakilima katika ardhi ya mtu mwingine. Wagiriama waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki walifukuzwa kwa moto na bunduki mwaka 1914.

Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Unguja na pwani ya Kenya, ameeleza vyema lililofuata. Wenye ardhi waliwaachia maskwota walime nafaka, ila suala la miti lilikuwa jingine kabisa, kwani mti wa kudumu hujenga dai. Mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki huchukua miaka 6 hadi 8 kuzaa, kisha huendelea kuzaa kwa miongo. Aliyeupanda ana sababu ya kurudi, naye mwanawe ana sababu ya kubaki. Fauka ya hayo, mti ni shahidi. David Parkin, aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wagiriama na minazi yao mwaka 1972, aliona jinsi kesi za minazi na ardhi zilivyotegemea ushahidi wa wazee waliokumbuka nani alipanda nini, na nani alimwuzia nani.

Sheria ya Kenya ya leo imeliongezea jambo hili makali. Mtu akiikalia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila idhini na bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Mihogo haina umri wa kuonyesha hakimu. Mkorosho mnene unao. Kwa hiyo mwenye hati anayeishi Mombasa, Nairobi au hata ng'ambo humwagiza msimamizi wake neno moja tu: wasipande miti. Sisemi kwamba hofu yake haina msingi. Mimi ningekuwa na hati huenda ningehofu vivyo hivyo. Nasema kwamba hofu hiyo ndiyo inayoamua kama miche itamea, nayo haimo katika mipango yetu ya upanzi.

Tumewahi kufanya kosa hili kwa kiwango kikubwa. Mpango wa makazi wa Magarini, uliofadhiliwa na Australia kuanzia miaka ya 1970, ulikuja na matingatinga, wataalamu na ramani. Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson waliuandikia kitabu mwaka 1991, nao wanaonyesha jinsi nia njema ilivyogonga mwamba pale wapangaji waliposhindwa kuwaelewa wakulima na uhusiano wao na ardhi ile. Kitabu hicho kingefaa kusomwa na kila afisa anayetia sahihi orodha ya miche.

Kuna watakaosema kwamba tatizo la korosho ni soko. Ni kweli kwamba kiwanda cha Kilifi, fahari ya miaka ya 1970, kilianguka katika miaka ya 1990, na kwamba marufuku ya mwaka 2009 ya kuuza nje korosho ghafi haikuirudisha neema ile. Lakini soko humhusu mwenye mti.

Pendekezo langu si geni, nimeliokota njiani. Desturi za pwani zimejua tangu zamani kwamba mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, kama ambavyo nyumba nyingi za miji yetu zimesimama juu ya viwanja vya wenyewe. Basi mche utolewe pamoja na karatasi. Iandikwe, kwa Kiswahili chepesi na mbele ya mzee wa mtaa, kwamba mwenye ardhi ameidhinisha. Kwamba mavuno ni ya mpanzi kwa miaka kadhaa iliyotajwa, au yagawanywe kwa kadiri fulani. Na kwamba mpanzi akiondolewa atalipwa thamani ya miti. Idhini ikiandikwa, dai la miaka 12 hukosa nguvu, kwa hiyo mwenye hati naye hulala usingizi. Karatasi hiyo haitamaliza dhuluma ya mwaka 1908. Hiyo inahitaji Tume ya Taifa ya Ardhi na Bunge, na subira ambayo watu wetu wamekwisha kuionyesha kupita kiasi.

Walimu wa Kiswahili nao wana kazi. Waulizeni wanafunzi wenu waende nyumbani wakawaulize babu na bibi zao: hapa petu ni konde au ni shamba? Mimi nililifanya zoezi hilo na darasa langu la mwaka wa pili, nikapata vijana watatu waliosema kwa mara ya kwanza hadharani kwamba kwao hapajawahi kupandwa mnazi.

Nilipita tena kwa mzee mwezi wa Agosti. Ile miche minne ilikuwa bado chini ya mwembe, ndani ya mifuko yake, imepangwa ukutani kwa nyumba kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Ilikuwa imerefuka. Niliinama kuunyanyua mmoja, haukunyanyuka: mzizi ulikuwa umetoboa mfuko na kuingia ardhini.

"Huo," mzee akaniambia akiwa amekaa kwenye kigoda chake, "mimi sikuupanda."