Pikipiki ya umeme haitaki pampu
Motari, kama wanavyoitwa bodaboda wa Kigali, akija na pikipiki yenye matope, abiria humpita na kumwita mwenzake. Ndiyo maana wengine huiosha nyumbani alfajiri kwa ndoo, sabuni na kitambaa. Wanafanya vema kuliko wanaokimbilia pampu. Maji ya kasi hupenya kwenye beringi na kuondoa grisi, na mnyororo usiopakwa mafuta baada ya kuoshwa hushika kutu upesi, hasa masika.

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu. Hapo mazoea ya zamani ni hatari. Chombo huzimwa kwanza, betri haimwagiwi maji, na viunganishi vyake hufutwa kwa kitambaa kikavu.

Mfanyabiashara atakayevusha pikipiki hizo Gatuna au Rusumo asimkabidhi mteja ufunguo peke yake. Ampe na maelezo ya kuosha, kwa Kiswahili chepesi. Maji yakiingia kwenye nyaya huko Ngara, fundi aliyezoea injini ya petroli atabaki kukuna kichwa, na marejesho ya mkopo yanadaiwa vilevile.