Kamba ya ng'ombe si ya kupandia mwamba

Mchezo wa kupanda miamba, ambao wengi waliudhania kuwa wa watalii tu, sasa unawavutia vijana wetu pia. Hapa Sigor wazazi wameniuliza mara kadhaa iwapo wawaruhusu watoto wao kwenda kujifunza katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: wafunzwe na mwelekezi mtaalamu, na alipwe. Wengi hufurahia jibu na kulinung'unikia sharti.

Manung'uniko hayo nayaelewa. Kuna nauli ya kupitia Bomet na Narok, kiingilio cha mbuga, kisha ada ya mwelekezi. Kwa mzazi anayetegemea maziwa ya ng'ombe wawili, hizo si pesa kidogo. Ndipo kijana husema kwamba rafiki yake amewahi kupanda, na kwamba kamba ipo nyumbani.

Kamba ipi? Tunayofungia ng'ombe, hata ikiwa nene na ya nailoni, haikuundwa kumdaka mtu anayeanguka. Mtu akiporomoka mita chache, mshtuko wote huishia kiunoni na kwenye uti wa mgongo, au kamba yenyewe hukatika. Kamba ya wapandaji hurefuka kidogo inapomzuia mtu na kulipunguza pigo hilo. Kisha kuna fundo. La ng'ombe aghalabu hufungwa ili lifunguke upesi! Mwaka jana nilimhudumia kijana aliyejaribu mambo haya kwenye shimo la mawe, akavunjika kifundo cha mguu. Kwa kimo alichoangukia, nilitarajia mabaya zaidi.

Mwelekezi huanzia kazi yake chini. Humvisha mwanafunzi kofia ngumu, hukagua mkanda wa kiuno na mapaja, hutazama fundo, kisha humtaka mwanafunzi naye amkague yeye. Ncha ya mwisho ya kamba huifunga fundo pia, maana anayeteremshwa kamba ikamwishia huanguka. Anajua pia kwamba mtu akining'inia bila kusogea damu hutuama miguuni na anaweza kuzirai, hivyo humteremsha haraka. Mnara wa mwamba wa Fischer's Tower, ambapo wanaoanza hujifunzia, una mita 25 hivi. Hapo ni kama kupanda jengo la ghorofa 8.

Sisemi kwamba mwelekezi huondoa hatari zote. Katika korongo la mbuga hiyo mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 mwaka 2012, na wengine 7 mwaka 2019, mwelekezi akiwa miongoni mwao. Mawingu yakitanda, nyote ondokeni korongoni.

Vijana wa huku hujivunia mikono iliyozoea kuchuma chai na kukamua. Nguvu ya misuli huja kwa wiki chache, lakini kano za vidole huchukua miezi mingi kukomaa, na kwa mtoto ambaye bado anarefuka mifupa ya vidole huweza kupasuka kwa mazoezi ya kupita kiasi. Mwelekezi mzuri humwambia apumzike hata kama bado ana hamu.

Na anayeona kuongozwa ni unyonge, ajue kwamba Mwingereza Halford Mackinder, alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, alikuwa na wapanda milima wawili kutoka Courmayeur, Italia. Bila wao sidhani angefika.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa muulize mwelekezi amefanya kazi hiyo miaka mingapi, kama kila mtoto atapata kofia, na gari la kumkimbiza majeruhi hospitalini litatoka wapi. Akibabaika, tafuta mwingine. Hakikisha mtoto amechanjwa dhidi ya pepopunda. Mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo aje kliniki tuzungumze kabla hajakata tikiti.