Dakika moja ya Oduor, miaka mingapi ya vijana wetu?

Usiku wa tarehe 27 Agosti 2025 baraza letu halikulala mapema. Kahawa ilimalizika, mwenye runinga akatishia kuzima mara mbili, na bado tulikuwa pale. Grimsby Town, timu ya League Two ambayo ni daraja la nne kule Uingereza, ilikuwa imetoka sare ya 2-2 na Manchester United katika Kombe la Carabao, na sasa zinapigwa penalti. Kijana mmoja wa Grimsby akasogea kupiga, Onana akaupangua mkwaju wake. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akauliza, "Huyo si wetu?"

Ni wetu. Jina lake Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, mwaka 1999. Kwa bahati yake, wenzake walimfutia kosa na Grimsby wakashinda kwa penalti 12-11. Baraza likalipuka, mashabiki wa United wakaondoka bila kuaga.

Wengi wetu hadithi tuliiachia hapo. Mimi iliyonikaa kichwani ni ile iliyofuata. Siku chache baadaye ilitangazwa kuwa Oduor hakustahili kucheza mechi ile. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka Bradford City kwa mkopo, na karatasi zake za usajili ziliwasilishwa dakika moja baada ya saa sita mchana, saa iliyowekwa kuwa mwisho. Klabu ikasema kompyuta ilileta matatizo, ikajiripoti yenyewe, ikatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiwa ya kusubiri kuona kama itarudia kosa. Ushindi ukabaki wao. Mambo yakaisha.

Nataka tuizungumze dakika hiyo moja, kwa sababu maisha yote ya mchezaji wa namna hii yako mikononi mwa karatasi kuliko tunavyodhani.

Hebu tumfuate tangu mwanzo. Oduor alipelekwa Uingereza akiwa mtoto, akalelewa kisoka katika akademia ya Leeds United. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Marcelo Bielsa, akaonjeshwa timu ya wakubwa. Agosti 2019 akahamia Barnsley. Tarehe 22 Julai 2020, siku ya mwisho ya ligi ya Championship, Barnsley walikuwa ugenini kwa Brentford wakiwa kwenye hatari ya kushuka daraja. Dakika ya 91 Oduor akafunga bao la 2-1. Barnsley wakapona, na Brentford, ambao ushindi siku ile ungewapeleka Ligi Kuu moja kwa moja, wakabaki wameshika tama.

Ungedhani baada ya bao kama lile njia imenyooka. Haikunyooka. Barnsley wenyewe walishuka mwaka 2022. Oduor akakopeshwa Hartlepool, akaenda Bradford, na Bradford ilipopanda daraja mwaka 2025 yeye akakopeshwa Grimsby, akabaki daraja lile lile ambalo wenzake wamelitoka. Haya ndiyo maisha ya wachezaji wengi wa madaraja ya chini. Mkataba mfupi, mkopo, koti la timu mpya, nyumba ya kupanga katika mji usiomjua. Huku kwetu tukisikia kijana yuko Uingereza tunamhesabu tajiri. Kumbe ni mtu wa kazi kama wewe na mimi, na kila Mei inapokaribia anajiuliza kama Agosti atakuwa na ajira.

Mtu huyu alikuwa na haki ya kuvaa jezi za nchi mbili. Magazeti hupenda kuandika kwamba "amechagua" Kenya. Neno hilo halina uzito mkubwa kwa mchezaji wa daraja la tatu au la nne, maana Uingereza haimgongei mlango. Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, alikuwa na la kuchagua kweli, akaenda Ubelgiji alikozaliwa. Wengine swali lao ni jingine kabisa: je, nikiitikia wito wa Kenya, nitapoteza nini?

Anaweza kupoteza namba yake klabuni. Wakati wa mechi za kimataifa, Ligi Kuu na Championship husimama. League One na League Two haziwajibiki kusimama. Klabu huweza kuomba mechi iahirishwe ikiwa wachezaji wake watatu au zaidi wameitwa na nchi zao. Akiitwa yeye peke yake, timu inacheza bila yeye. Anasafiri Nairobi, anarudi na uchovu, anakuta mwingine ameshika nafasi na amefunga.

Oduor aliitwa Harambee Stars mwishoni mwa 2020, enzi za Ghost Mulee, kwa ajili ya mechi za kufuzu dhidi ya Komoro. Tulitoka sare ya 1-1 Nairobi, tukafungwa 2-1 kule Moroni. Kisha tukafanya nini na kizazi kile? Novemba 2021 serikali ikavunja shirikisho la soka. Februari 2022 FIFA ikatufungia. Kufungiwa kukaondolewa Novemba mwaka huo, lakini CAF ilikuwa imeshatuondoa katika safari ya kufuzu AFCON 2023. Kijana aliyekubali kuiweka Kenya mbele ya klabu yake alikuta hakuna Kenya ya kuchezea. Miaka ya mchezaji mpira ni michache, na ule mwaka haurudi.

Watazame Wakomoro waliotufunga. Hawa si watu wa mbali kwetu; nani Mombasa asiye na shemeji au jirani Mngazija? Nchi yao iliingia FIFA mwaka 2005 tu. Walikaa wakawatafuta vijana wao waliozaliwa na kukulia Ufaransa, wengi wakiwa klabu ndogo ambazo hapa hatuzijui hata kwa majina. Hawakungoja nyota. Wakafuzu AFCON kwa mara ya kwanza, na tarehe 18 Januari 2022 wakaifunga Ghana 3-2. Waliwachukulia vijana wale kuwa watu wa nyumbani waliochelewa kurudi, wakawatengenezea karatasi zao mapema.

Kuna hoja moja nataka niijibu. Wako wanaosema hawa wa ughaibuni wanawaziba wa nyumbani. Sioni hivyo. Katika CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani pekee, vijana wetu waliifunga Kongo, Morocco na Zambia, wakaongoza kundi, wakatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Mpira wa nyumbani upo. Timu inahitaji wote wawili. Shida yangu ni kwamba milango tunayowafungulia haiko sawa.

Katiba ya 2010, vifungu vya 14 na 16, inasema wazi: aliyezaliwa na mama au baba Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, na hapotezi uraia huo kwa kuchukua wa nchi nyingine. Ni sheria nzuri. Ndiyo maana kijana aliyekulia ng'ambo anaweza kufuatiliwa, akatafutiwa paspoti na kuitwa timu ya taifa. Hakuna anayemuuliza babu yake alizikwa wapi.

Mtaani kwetu Kisauni yuko kijana mwingine, winga wa kushoto. Nisingemtaja jina hata angeniruhusu. Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja ya serikali. Ana cheti cha kuzaliwa, wazazi wote wawili wana vitambulisho vya Kenya. Kwa kuwa jina lake ni la Kiislamu na la ukoo wa tatu ni la Kiarabu, akaambiwa alete karatasi za babu, kisha arudi kukaa mbele ya wazee wapigao msasa. Akarudi. Wazee hawakutimia. Akarudi tena. Wakati huo klabu moja ya bara ilikuwa imemwona na kumtaka, na dirisha la usajili halisubiri wazee. Likafungwa. Kitambulisho kilikuja baada ya miezi kumi na moja. Klabu ilikuwa imeshapata winga mwingine. Leo anaendesha tuktuk.

Grimsby walichelewa dakika moja wakatozwa faini. Ofisi ile ilimchelewesha kijana wetu miezi kumi na moja, na hakuna aliyeulizwa.

Najua kuna hatua zilizopigwa. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba nao wakatambuliwa mwaka 2023, baada ya kuishi na kuvua katika pwani hii vizazi na vizazi. Februari 2025 Rais Ruto akatangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa vitambulisho kwa wakazi wa kaunti za mpakani umekwisha. Alhamdulillah. Lakini tangazo la Wajir halitoshi ikiwa karani wa Mombasa, Lamu au Malindi bado anampima mtu uraia kwa kulisikia jina lake.

AFCON ya 2027 itachezwa hapa kwetu, Uganda na Tanzania. Shirikisho litaanza, kama si kwamba limeshaanza, kuwasaka vijana wenye damu ya Kenya huko Ulaya na Australia. Liwasake. Liwaite mapema, liwakatie tiketi kwa wakati, lizungumze na klabu zao kwa heshima, na liwakumbuke wa League Two kama linavyowakumbuka wa Ligi Kuu. Oduor na wenzake wanastahili hayo.

Ninalowaomba wabunge wetu wa Pwani ni jambo dogo kuliko kujenga uwanja. Waitake idara husika iweke siku za mwisho za kutoa kitambulisho, zilizoandikwa, na mwenye cheti cha kuzaliwa na wazazi wenye vitambulisho asiulizwe habari za babu. Na siku zikipita, mwenye kosa ajulikane na awajibishwe, kama Grimsby walivyowajibishwa kwa dakika yao moja.

Yule mzee wa barazani aliuliza, "Huyo si wetu?" akimtazama kijana aliye ng'ambo. Dereva wa tuktuk alikuwa amekaa nyuma yake, anaangalia mpira huo huo.